Dunia ya Mbao za Mtumbwi

Mwezi uliopita mtoto wa jirani alinipigia hodi akiwa amekumbatia kiroba cha unga kilichofungwa kamba mdomoni. "Shikamoo. Kuna mwalimu kapita na gari, kasema hii ni yenu." Ndani ya kiroba kulikuwa na kikaratasi kilichoandikwa kwa kalamu nyekundu, ile ya kusahihishia: "Tunasafisha stoo ya shule. Hili ni la mzee. Msije mkasikia tumelichoma mkatulaani." Aliyeandika nilisoma naye darasa moja. Yeye alisonga mbele na masomo hadi akarudi kufundisha palepale, mimi nikaishia la saba, nikashika cherehani. Sikuhitaji kukifungua zaidi kile kiroba ili nijue kina nini. Harufu ilishanifikia: lami, vumbi la chaki, na chini yake kabisa, kama mtu anayeongea chumba cha pili, dagaa.

Wa rika langu tuliosoma shule za ukanda ule wa ziwa tunajua kwamba dunia tuliyofundishwa ilikuwa chungwa. Mwalimu wetu wa jiografia, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuitia ng'ombe mlimani, alilizungusha mbele ya mshumaa, akatuonyesha mchana na usiku, na kipindi kikiisha dunia ilimenywa. Aliyejibu vizuri alipewa Asia. Mimi nilishawahi kula Ulaya, ilikuwa na mbegu nyingi.

Kisha biashara ikafunguliwa. Maduka ya Mwanza mjini yaliyokuwa na rafu tupu yakajaa redio, vitenge na sabuni za kila rangi, na kwenye dirisha la duka moja la vifaa vya shule ikawekwa globu ya plastiki, ya bluu, inayong'aa. Mwalimu aliiona, akaja kutusimulia kama mtu aliyekutana na ndugu yake aliyepotea. Habari ya kuinunua haikuzungumzwa kabisa. Aliuliza tu, "Nani kwao kuna fundi?" Mkono wangu ulikuwa juu kabla sijafikiri. Nilishaamua kwamba nikikua nitaizunguka dunia yote, nikaona si vibaya nianze kuizoea mapema.

Baba alikuwa fundi wa mitumbwi kwenye mwalo wetu, pale wavuvi wanaposhushia samaki, upande wa Igombe. Nasema alikuwa, maana miezi kadhaa kabla ya hapo aliacha. Alisema ni mgongo. Watu walishangaa, kwa sababu wakati huohuo viwanda vya minofu ya sangara vilikuwa vinanunua samaki kama vina njaa ya mwaka, na kila mwenye shemeji alitaka mtumbwi. Wateja walikuja, wakapewa kigoda na maji ya kunywa, wakasimuliwa habari za mgongo, wakaondoka kwenda kwa fundi mwingine. Mama alikaanga mapanki, mifupa ya sangara iliyobaki viwandani, akauza barabarani. Baba alikaa kivulini kando ya ukuta, akinoa tezo ya kuchongea isiyo na kazi.

"Baba," nikamwambia siku hiyo, "unaweza kutengeneza dunia?"

Aliweka tezo chini, kama fundi aliyeulizwa bei. "Ya ukubwa gani?"

Mama akageuka na mwiko wake. "Baba Masanja! Mgongo unakuuma kutengeneza mtumbwi, kutengeneza dunia haukuumi?"

"Dunia haina abiria," baba akasema.

Nilicheka sana. Nilidhani ni utani.

Kesho yake tulikwenda mjini kwa fundi mwenye mashine ya kukereza miguu ya vitanda. Baba alimwonyesha ukubwa kwa mikono, yule bwana akatikisa kichwa. "Mzee wangu, mashine hii inakereza kitu cha unene wa paja. Hicho unachoonyesha ni tumbo la mjamzito." Na hata huo unene wa paja usingewezekana siku ile, umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Baba alishukuru, tukarudi. Njia nzima mkono wake ulitulia begani kwangu. Tulipofika nyumbani aliniambia nilete msumari, uzi na mkaa.

Alinishikisha msumari katikati ya sakafu ya sementi, akafunga mkaa kwenye ncha ya uzi, akauzungusha. Likatokea duara zuri, jeusi. Kisha tukachora mistari ya kulikata duara lile kwa mlalo, toka chini hadi juu, na nafasi kati ya mstari na mstari ilikuwa unene wa mbao moja. "Sasa hesabu mbao," akasema. Zilikuwa kumi na moja, kama timu ya mpira. Ya katikati ndiyo pana kuliko zote, nikaipa ukepteni. Za juu na za chini zilikuwa finyu, karibu sawa na sahani ya chai. Kila moja tulipima upana wake pale sakafuni, tukachora duara lake kwenye mbao, baba akakata. Mbao zenyewe zilitoka kwenye mtumbwi mzee uliokuwa umepasuliwa nyuma ya nyumba, mvule iliyokula lami na dagaa miaka yote. Zile za katikati alizitoboa tundu kubwa, zikawa kama pete, ili dunia iwe na uwazi ndani na watoto waweze kuibeba.

Tukazipanga moja juu ya nyingine kwa gundi na vijiti, tukaweka jiwe juu. Ilipokauka mama aliizunguka akiwa ameshika kiuno. "Mmetengeneza kichuguu."

Ni kweli, ilikuwa kichuguu cha ngazi pande mbili, juu na chini. Mimi nilivutiwa nacho. Nilikaa nikiwaza kwamba watu wa kaskazini wanashuka ngazi kuja kwetu, na wa kusini wanapanda, na ndiyo maana wageni wote wanaofika huwa wamechoka.

Baba alianza kuzipiga zile ngazi kwa tezo, kona kwa kona, kisha kwa patasi, kisha kwa tupa. Hapo ndipo nilipoona jambo nililolichukulia kuwa siri ya ufundi. Alifumba macho. Alifanya kazi akiwa amefumba macho na kiganja kikitangulia mbele ya tupa, kama mtu anayempapasa ng'ombe asiyemfahamu. Nikamuuliza kwa nini. "Mviringo hauonekani," akasema, "mviringo unashikwa." Nikaamini moja kwa moja. Wiki ile nilifumba macho nikila ugali, nikafumba macho nikichota maji, nikafumba macho nikipita jikoni na kupindua sufuria ya mama yenye mafuta. Nilichapwa, nikajiambia ufundi una gharama zake.

Mimi pia nilikuwa na kazi. Baba alikata ubao wenye upinde wa nusu duara, akaupaka unga wa mkaa kwenye ule upinde. Kazi yangu ilikuwa kuupitisha juu ya mpira pande zote. Palipoinuka palishika weusi, palipo sawa pakapita pasafi. "Sema weusi uko wapi," aliniambia. Nilisema, nikauchukua mkono wake nikauweka hapo, akakwangua. Tena. Sema. Tena. Niliona fahari. Niliamini ananifundisha, na kwamba anauliza ili anipime kama najua. Hata Masanja, kaka yangu mkubwa aliyekuwa kambini kisiwani akivua, hakuwahi kuulizwa hivyo.

Msasa ulipomaliza kazi yake, baba akaniagiza pamba. Mama akasimama. "Pamba ya nini tena?"

"Ya kuziba mishono."

"Umeona wapi dunia inazibwa pamba?"

"Kitu cha mbao chenye uwazi ndani, mimi sikiachi na mshono mtupu."

"Kwani itakwenda majini?"

"Itakwenda," baba akasema. "Kesho."

Fundi mitumbwi haamini kitu hadi akione majini. Mtumbwi wenye upande mzito unaonekana siku ya kwanza unaposukumwa, unaegemea kama mlevi. Baba akasema mpira nao ni vilevile. Ukiwa na uzito sawa pande zote, unakaa majini ulivyouweka. Ukiwa na upande mzito, utajigeuza wenyewe uzito uende chini, hata uufanyeje.

Alfajiri ilipopambazuka vizuri tulishuka kwenye ghuba ndogo kati ya mawe, ambako maji hutulia. Magugu maji yalikuwa yameshaanza kuingia miaka ile, tukayasukuma kwa fimbo hadi pakapatikana nafasi kama ya mkeka. Baba alipaka doa la lami upande mmoja wa mpira. Akakaa juu ya jiwe, hatua kadhaa kutoka nilipo, kwa sababu ya mgongo. Mimi nikaingia hadi magotini.

"Doa juu," akasema. "Achia. Usipumue."

Nikaachia. Mpira ukatulia kidogo, kisha ukaanza kugeuka taratibu, kama mtu anayejigeuza kitandani, na doa likazama.

"Liko wapi?"

Nilimtazama. Alikuwa amekunja suruali, ameinamisha kichwa upande mmoja, na usoni kulikuwa na tabasamu ambalo sikuwa nimeliona tangu aache mitumbwi. Nikakumbuka mama alivyosema usiku kwamba kazi hii ikishindikana hajui mtu huyu atakaa ukutani hadi lini. Nikakumbuka wiki zote zile za mkaa. Nikaona sina moyo wa kumwambia.

"Liko juu, baba."

"Weka upande mwingine."

Nikaweka. Ukajigeuza. Doa likazama palepale.

"Na sasa?"

"Limebaki ulivyosema."

Akauliza mara ya tatu, nikajibu mara ya tatu. Alipiga makofi mawili. "Umeona? Mikono haijafa." Sikuelewa kwa nini mikono ife, lakini nilifurahi, na njiani nilijiona mtoto mwema kuliko wote wa mwalo ule.

Tuliipaka rangi iliyobaki kwenye makopo ya mitumbwi, bluu kwa maji na kijani kwa nchi kavu, mwalimu akachora mipaka kwa penseli. Baba alisimamia jambo moja tu, ziwa letu lionekane. Lilionekana hasa. Lilikuwa kubwa kuliko Uarabuni. Kisha akaweka msumari juu na mwingine chini, akaishikiza kwenye upinde wa nondo wenye kikalio cha ubao, ikawa inazunguka bila kelele.

Siku ya kuikabidhi baba alivaa shati lililopigwa pasi, akasimama mlangoni mwa darasa akishika mwimo wa mlango. Mwalimu akatoa hotuba, tukapiga makofi, akaizungusha dunia kwa kidole. Ikaenda vizuri, ikapunguza mwendo, ikasita, ikarudi nyuma, ikasimama Afrika ikiwa imeinamia sakafu. Mwalimu akaizungusha tena. Ikazunguka, ikasita, ikarudi, Afrika chini. Mara ya tatu hivyohivyo.

"Mwalimu, ina usingizi!" Doto akasema kutoka dawati la nyuma.

"Imepiga gongo hiyo!"

"Dunia ya fundi mtumbwi, lazima izame!"

Darasa likapasuka. Mwalimu alisema labda ni upepo, lakini madirisha yote yalikuwa yamefungwa. Nilikwenda mlangoni. Baba aliinama sikioni kwangu. "Wanacheka nini?"

Nilishangaa anavyouliza kitu kilicho mbele yake. "Wamefurahi, baba."

Alitembea kuelekea meza akiwa ametanguliza mkono, akagonga dawati moja, akaomba radhi, akafika. Akaizungusha dunia, kisha akaacha kiganja chake kielee karibu nayo bila kuibana. Alisikia ilivyosita na ilivyorudi. Akafanya hivyo mara mbili.

"Mwalimu, nisamehe," akasema. "Kazi haijaisha. Nipe siku tatu."

Tulirudi nyumbani, yeye akiwa ameikumbatia dunia kwa mkono mmoja, mwingine begani kwangu. Tulipofika kwenye mawe akauliza, bila ukali wowote, "Siku ile majini iligeuka?"

Nikapiga teke kijiwe.

"Mwanangu. Iligeuka au haikugeuka?"

"Iligeuka."

"Mara ngapi?"

"Zote."

Nikasubiri kofi. Badala yake alipapasa jiwe kwa nyuma, akakaa. "Nitakwambia neno, mama yako analijua, usije ukalitangaza mwaloni. Macho yangu yanaisha. Hapa nakuona kama mtu aliyesimama nyuma ya chandarua, na chandarua chenyewe kinazidi kushuka. Hospitali wamesema yaliyokwenda hayarudi."

Nilifikiria sana, nikauliza swali ambalo niliona ni la maana. "Hata ukiyafumbua?"

Alicheka hadi dunia ikamtoka mikononi, nikaikimbilia kabla haijabingirika. "Hata nikiyafumbua," akasema. Kisha akaipokea dunia tena. "Mtumbwi wangu wa mwisho uliingiza maji kabla haujafika kisiwani. Watu wanne. Walirudi kwa kuchota na kofia, Mungu ni mwema. Mshono ulikuwa wazi kidole kizima. Mimi nilipita hapo na pamba yangu nikaona pako sawa. Mgongo wangu ndio huo."

Nilikuwa naangalia miguu yangu.

"Kwenye hii dunia nilitaka kujua jambo moja. Kwamba mkono wangu na jicho lako, vikikaa pamoja, vinaweza kufanya kazi ya mtu. Ukiniambia juu wakati ni chini, nimekwisha. Kibaya niambie ni kibaya. Mimi sina jicho la akiba."

Sikulia. Nakumbuka kwamba nilijitahidi kulia nikashindwa. Nilichofanya ni kuuchukua mkono wake na kuurudisha begani, na kwa mara ya kwanza nikaanza kumwambia njia. Jiwe. Mtaro. Mbuzi wa mama Kulwa, kafungwa kamba katikati ya njia kama kawaida yao.

Siku ya pili tulishuka tena ghubani. Tatizo lilikuwa mbao zenyewe. Tulipozipanga, mafundo mazito ya mvule yalikaa mengi upande mmoja, na hakuna jicho lililoligundua hilo, si lake wala langu. Baba alitoboa upande mwepesi kwa keekee, akadumbukiza chubwi, yale madini ya risasi wavuvi wanayofunga kwenye nyavu zizame, akaziba kwa kigingi na pamba, akapaka doa jingine la lami juu ya rangi. Nikaingia majini.

"Sema."

"Imegeuka."

Akaongeza. Nikaingia.

"Sema."

"Imegeuka, ila polepole."

Akaongeza tena, ikazidi, ikageukia upande wa pili. Nikamwambia imezidi. Akapunguza kwa kisu. Nikamwambia bado. Jua lilishapanda, Doto na wenzake walishajaa juu ya mawe wakitutania kwamba tunaibatiza dunia, mimi naona aibu, na kila mara nilisema lilelile, imegeuka, nikimwona anavyokunja midomo. Ulipofika mzunguko wa saba niliachia, nikasubiri. Doa lilikuwa pembeni, nusu majini. Likabaki pembeni. Nikaligeuza juu, likabaki juu. Nikaligeuza chini, likabaki chini.

"Imetulia, baba."

Hakuuliza mara ya pili. Nilikuwa nimeshamwambia kibaya mara sita.

Dunia ile ilikaa darasani miaka mingi, hadi mgeni mmoja alipoleta globu ya plastiki na yetu ikapelekwa stoo. Baba hakurudi kwenye mitumbwi. Alitengeneza vigoda, miko na mipini ya majembe, mimi nikimsomea mkaa kila nitokapo shule, na watu wakasema mgongo wake umepona. Kuizunguka dunia bado sijaizunguka. Nimefika Bukoba mara moja kwa harusi. Lakini sijakata tamaa, na suruali za wasafiri nazishona kila siku.

Sasa baba anaishi kwangu, hapa Buswelu. Haoni kitu chochote. Siku ile ya kiroba nilimwekea dunia mapajani bila kusema. Aliinusa kwanza. Kisha vidole vikatembea, vikapita juu ya ziwa letu lililovimba rangi, vikaenda moja kwa moja kwenye kigingi, vikasimama.

"Wadudu wameila," akasema. "Upande huu nimesikia vitundu."

"Ndiyo."

"Lete beseni."

Niliichomoa misumari, nikajaza maji beseni la kufulia, nikalileta miguuni pake. Aliiweka dunia juu ya maji taratibu kwa mikono miwili. Angeweza kuiacha mikono palepale na kujua mwenyewe. Aliitoa mikono, akaifuta kwenye suruali, akaiweka magotini.

"Sema."

Maji yalicheza kidogo, yakatulia. Afrika ilikuwa juu, na ziwa likiwa katikati yake kubwa kama dimbwi. Kisha, polepole, ikaanza kuinama.

"Imegeuka, baba."

Akatabasamu, akainua kichwa upande ule ilikotoka sauti yangu.

"Basi tafuta chubwi."